SIKU MOJA NGOMENI: MANENO JUU YA DAFTARI LA MSAFIRI

  

Mwanafunzi wetu mmoja hapa Tanga, kijana aliyekwisha kusoma Fat-hul Muin mpaka mwisho, aliniletea daftari akaniomba nilisome na kulisahihisha kabla halijapigwa chapa na kugawiwa wenzake madrasani. Ndani yake ameandika safari yake ya siku moja katika Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo wenyeji huiita Ngomeni. Alikwenda peke yake. Alipanda basi Ijumaa baada ya swala, akapita Horohoro na Lunga Lunga, akavuka kwa feri ya Likoni, akalala kwa shangazi yake. Jumamosi asubuhi alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kukata tiketi. Alikaa ndani ya Ngome mpaka adhana ya Adhuhuri, kisha akazunguka kuta kwa nje na vichochoro vya Mji wa Kale mpaka jua likatua. Kesho yake akarudi Tanga.

Daftari lina kurasa 22. Nimelisoma mara mbili. Mara ya pili nililisoma kwa uzito zaidi, kwa sababu katika ukurasa wa 11 nilikuta maneno yangu mwenyewe yamenukuliwa, na nikaona kuwa nilikosea. Nimeonelea basi niliyomwandikia pembeni ya kurasa zake niyaweke hapa, huenda yakawafaa maimamu wanaopeleka vijana ziara, walimu wa tarekh, na kila anayesimama kwenye mimbari akaitaja Ngome hiyo.

YALIYO MEMA

Insafu ni kuanza na mema. Kijana huyu ana jicho. Ametembea juu ya buruji zote nne, akaandika jinsi kila moja inavyoulinda ukuta wa mwenzake ili adui asipate pa kujificha. Ameeleza kuwa kazi ya kujenga ilianza mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati aliyekuwa akiwatumikia Wareno, na kwamba sababu kubwa ya kujengwa kwake ilikuwa hofu ya kurudi kwa Waturuki, baada ya merikebu za Amir Ali Bey kufika pwani hii katika miaka ya 1580. Hayo ni sahihi.

Amesimama pia mbele ya michoro ya makaa na udongo mwekundu iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno, akaandika kuwa walichora merikebu kuliko kitu kingine chochote. Kisha akauliza: je, si dalili kwamba watu hawa walitamani kurudi kwao? Hili ni swali la mwenye kuzingatia, nami nimemwekea alama nzuri. Kadhalika ameeleza vizuri vitu vilivyotolewa katika merikebu ya Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697 na kufukuliwa na wapiga mbizi kati ya mwaka 1977 na 1980.

Na jambo jingine jema ni kuwa hakuogopa jina. Wako wenzetu wanaoona tabu kulitamka jina la Ngome hii, wakaiita ngome ya makafiri. Yeye ameandika kuwa Nabii Isa (a.s.) ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, nasi tunamuamini, na hana dhambi yoyote katika yaliyotendwa na watu waliolitumia jina lake. Maneno haya ni ya haki na yana adabu ndani yake.

NIA YA SAFARI

Baada ya sifa hizo, kuna mas-ala. Katika ukurasa wa kwanza ameandika: "Sikuwa na haja yoyote Mombasa, nilikwenda kuona tu." Na katika ukurasa wa 16 ameandika kuwa aliswali Adhuhuri rakaa nne nyuma ya imamu katika Msikiti wa Mandhry, kisha akasimama peke yake akaswali Alasiri rakaa mbili, akiikusanya na Adhuhuri, "kwa kuwa mimi ni msafiri".

Ama kutimiza rakaa nne nyuma ya imamu mkaazi, amepatia. Hilo ndilo linalompasa msafiri anayemfuata mkaazi. Ama kuifupisha Alasiri na kuikusanya, umbali kutoka Tanga hadi Mombasa unazidi marhala mbili, na kukaa kwake hakukufika siku nne, na ameeleza kuwa alitia nia ya kukusanya akiwa ndani ya swala ya kwanza. Sharti zinaonekana zimetimia. Lakini maneno yake ya ukurasa wa kwanza yanaivunja hoja yake ya ukurasa wa 16! Mwandishi wa Fat-hul Muin, kitabu alichokisoma kwangu herufi kwa herufi, ametaja kuwa mtu anayesafiri kwa ajili ya kuona miji tu, bila ya lengo jingine, hafupishi swala kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Wanazuoni wetu wa Kishafii wametofautisha kati ya mtu aliyetoka kwa lengo linaloeleweka, kama biashara, elimu, kuzuru jamaa au kupumzisha nafsi iliyochoka, na mtu ambaye lengo lake lote ni kuona tu.

Nilimwita nikamuuliza: "Shangazi yako ulimzuru au ulilala kwake tu?" Akasema: "Sheikh, mama alinipa mzigo nimpelekee, naye alikuwa hajaniona miaka mitatu. Tangu nyumbani nilikusudia kumwona." Nikamwambia: "Basi alhamdulillahi, swala yako ni sahihi, kwani kuunga udugu ni lengo lililo wazi. Kosa lako ni la kalamu. Futa hilo neno la kuona tu."

Msomaji asidhani kuwa hii ni mas-ala ya rakaa mbili basi. Mafakihi hawakuipima safari kwa miguu peke yake, waliipima kwa lengo. Mwenyezi Mungu katika Suratu Aal Imran aya ya 137 anatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliokadhibisha, na katika Suratul Hajj aya ya 46 anafungamanisha kutembea huko na nyoyo zenye kufahamu na masikio yenye kusikia. Mwenye kutazama bila ya kutaka kufahamu hajaifanya kazi aliyoamrishwa.

Ama kusafiri peke yake, imepokewa kwa Ibn Umar (r.a.) katika Sahihul Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) alitahadharisha juu ya mtu kusafiri usiku akiwa peke yake. Wanazuoni wengi wameichukulia karaha hiyo pale penye khofu. Na aliye ndani ya basi lililojaa watu hayuko upweke. Lakini upweke una hatari nyingine: msafiri wa peke yake hana wa kumwambia "hapa umefahamu vibaya". Hatari hiyo imempata kijana wetu mara tatu, nami nilikuwa mbali, na mara moja katika hizo mimi ndiye niliyeisababisha.

MAANDISHI YA JUU YA LANGO

Mara ya kwanza ni pale langoni. Ameandika: "Juu ya lango pana maandishi ya Kireno kwenye jiwe, yamechongwa kwa ufundi mkubwa." Akapiga picha, akaingia ndani. Hakuuliza yanasema nini.

Jiwe lile linautaja mwaka 1635. Linamtaja kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuwa na miaka 27 alipopewa ukapteni wa Ngome. Linataja kuwa aliikarabati, akawarudisha wafalme wa pwani katika utiifu na kulipa kodi, akaipa Pate na Siyu adhabu kubwa hadi kubomoa kuta zao, na akaiadhibu Pemba kwa kuwaua watawala walioasi pamoja na wakuu wa mji. Haya hayakuandikwa na adui yake. Ameyaandika mwenyewe kwa kujifakharisha, akayaweka mahali ambapo kila anayeingia apite chini yake.

Mwanafunzi wa fiqhi anapaswa kulisoma jiwe lile kwa mlango wa ikrari. Ikrari ni hoja nzito, kwani mtu mwenye akili hajisingizii jambo linalomdhuru. Lakini mafakihi wamesema pia kuwa ikrari ni hoja iliyokomea kwa mwenyewe. Haivuki kwenda kumlazimu mwingine. Kwa hiyo jiwe lile ni hoja juu ya kapteni kwamba alibomoa na aliua. Wala si hoja juu ya watu wa Pemba kwamba walikuwa waasi, kwani hilo ni dai lake juu ya wengine, na dai linataka ushahidi. Angalia, ndugu msomaji, jinsi kanuni moja tunayoisoma kila mwaka katika milango ya hukumu inavyoweza kufungua jiwe ambalo maelfu hupita chini yake. Tunayo funguo, ila hatuitumii nje ya darasa.

KOSA LA MWALIMU

Sasa nafika ukurasa wa 11. Kijana ameandika: "Sheikh wetu alitusomesha kuwa Yusuf bin Hasan aliingia Ngomeni akawamaliza makafiri wote, na kuwa huo ndio mfano wa jihadi katika pwani yetu." Ni kweli nilisema hivyo. Nilisema darsani, na nakumbuka niliwahi kusema katika khutba. Niliyapokea kwa waliotutangulia nikayatoa kama nilivyoyapokea, bila ya kuyachunguza.

Yanayojulikana ni haya. Sultani Hasan bin Ahmad, baba yake, aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Mtoto akachukuliwa Goa, akalelewa na watawa wa Kiagostino, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme chini yao. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akaitwaa Ngome, akatangaza kurejea katika Uislamu. Wareno walileta jeshi mwanzoni mwa mwaka 1632 wakashindwa kuitwaa. Kisha yeye mwenyewe akaiacha mwaka huohuo akaingia baharini, na Wareno wakarudi. Alifariki miaka michache baadaye katika pande za Bahari ya Shamu.

Mpaka hapa, mwenye moyo hawezi kutomhurumia. Kumuua mzazi kwa hila, kisha kumchukua yatima wake na kumbadilisha dini, ni dhulma juu ya dhulma. Lakini habari haikuishia hapo. Wareno walikusanya ushahidi wa kiapo kwa ajili ya kanisa lao huko Goa, nao ulichapishwa kwa Kiingereza na G.S.P. Freeman-Grenville mwaka 1980. Mashahidi hao wanaeleza kuwa siku zilizofuata waliuawa wanaume wasiokuwa na silaha, wanawake na watoto, na kuwa wenyeji waliokuwa wamebatizwa walitakiwa warudi katika Uislamu au wauawe.

Najua litakalosemwa: hao ni mahasimu, na kwa kadhi ushahidi wa adui juu ya adui yake haupokelewi. Ni kweli. Lau Yusuf angeshitakiwa mbele ya kadhi kwa ushahidi huo peke yake, asingehukumiwa. Lakini mimi sikuwa kadhi nikimwachilia mtuhumiwa. Nilikuwa mwalimu nikimtolea mfano wa kufuatwa. Asiyethibitikiwa na kosa haadhibiwi, lakini hilo halimfanyi awe kigezo. Isitoshe, hatuwezi kuzipokea karatasi za Wareno zinapotueleza ushujaa wake kisha tukazikataa palepale zinapotueleza mauaji. Habari ya kuingia kwake Ngomeni na habari ya yaliyofuata zimetujia kwa njia moja.

Basi hukumu ni ipi? Imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alimuona mwanamke ameuawa katika moja ya vita akalikemea jambo hilo, akakataza kuua wanawake na watoto. Katika Suratul Baqara aya ya 256 dini haina kulazimishwa. Na katika Suratul Anfal aya ya 58 anayekhofia hiyana kwa watu wenye ahadi naye ameamrishwa kwanza awatupie ahadi yao waziwazi, wala asiwajie kwa hila. Wako watakaosema ahadi yake ilikuwa ya kulazimishwa, na mas-ala ya aliyelazimishwa yana khitilafu yake, nakubali. Lakini mtoto mchanga hakumlazimisha mtu chochote. Ikiwa yaliyosimuliwa ni kweli, hayaitwi jihadi, yanaitwa kisasi. Na ikiwa hatuna yakini, tunanyamaza, hatuyasifu.

Mimi niliyasifu. Nasema mbele ya wanafunzi wangu na mbele ya wasomaji wa jarida hili kuwa narejea katika kauli yangu hiyo. Imamu Shafii (r.a.) alikuwa na kauli za Iraki na kauli za Misri, na heshima yake haikupungua. Umar (r.a.) alimwandikia Abu Musa al-Ash'ari kumhimiza asione tabu kuirudia haki baada ya kuhukumu kinyume chake. Kijana anaposikia khutba ya namna ile niliyoitoa, haichukui kama hadithi ya mwaka 1631. Huichukua kama ruhusa. Nasi tumeona katika zama zetu, katika miji yetu hii ya pwani, damu zisizo na hatia zikimwagwa na vijana walioaminishwa kuwa hasira zao ni hoja. Siwezi kukutana na Mola wangu nikiwa nimetia neno langu katika jambo hilo.

WALIOKUWA NDANI YA KUTA

Kosa la tatu ni la ukurasa wa 13. Ameandika kuwa kuanzia mwaka 1696 hadi 1698 "Waislamu waliwazingira Wakristo" mpaka Ngome ikaanguka. Sentensi hii ina ukweli nusu. Waliozingira walikuwa jeshi la Imamu Saif bin Sultan, Al-Yaarubi wa Oman, na Ngome ilianguka Disemba 1698 baada ya karibu miezi 33. Lakini ndani ya kuta, pamoja na Wareno wachache, walikuwamo mamia ya Waswahili Waislamu, wanaume, wanawake na watoto. Maradhi yalipowamaliza wakubwa wa Kireno mwaka 1697, aliyeshika uongozi wa ulinzi kwa muda alikuwa Bwana Daud wa Faza. Na Malkia Fatuma wa Unguja alikuwa akiwapelekea chakula waliozingirwa. Wote hawa ni watu wa kibla.

Kwa nini? Faza ilikuwa na uhasama wa muda mrefu na Pate. Kila mji wa pwani ulikuwa na hisabu zake, na mara nyingi hisabu hizo zilitangulia udugu wa dini. Miaka 30 baadaye mambo yaligeuka: mwaka 1728 Wareno waliweza kurudi Mombasa kwa kuwa mtawala wa Pate alifungamana nao dhidi ya Waomani, na mwaka 1729 watu wa Mombasa wenyewe wakawatoa. Kisha mwaka 1746 liwali Muhammad bin Uthman al-Mazrui akauliwa ndani ya Ngome na watu waliotumwa kutoka Oman, ndugu yake Ali bin Uthman akairudisha. Na mwaka 1837 Sayyid Said akawashika wakuu wa Wamazrui zaidi ya 20, wakapelekwa Bandar Abbas wasirudi tena. Hapo hapakuwa na Mreno hata mmoja.

Nimehesabu kurasa za daftari. Wareno wamepata kurasa 13. Muda wao Ngomeni, kuanzia 1593 hadi 1698, ni miaka 105. Kuanzia 1698 hadi 1895, ukiondoa muda mfupi wa Wareno kurudi, Ngome ilikuwa mikononi mwa Waislamu kwa karibu miaka 195. Nao wamepata kurasa mbili. Muda wa jela ya Waingereza, 1895 hadi 1958, miaka 63, umepata ukurasa mmoja. Nilipomuuliza sababu alisema kweli: "Sheikh, niliandika zaidi penye mizinga." Na ukumbi wa Wamazrui wenye baraza zake za mawe, mahali palipoamuliwa mashauri ya watu, ameupita kwa sentensi mbili. Hata neno jela lingemtosha kwa mazingatio. Wataalamu wa lugha wanasema neno letu gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ndani ya Ngome hii palikuwa na kanisa, na Ngome yenyewe ikaishia kuwa gereza. Mwenye kufikiri ana pa kusimama hapo.

MSTARI MMOJA

Ama lililonihuzunisha zaidi ni Msikiti wa Mandhry. Unatajwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, yaani miaka 23 kabla ya Ngome, nao upo mwendo mfupi tu kutoka langoni. Kijana ameuandikia mstari mmoja: aliswali hapo. Ngome yenye mizinga leo haiswaliwi wala haipiganiwi. Ni makumbusho, na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Msikiti ule mdogo bado unafanya kazi yake ileile mara tano kila siku, na kijana mwenyewe ameingia, akaswali nyuma ya imamu pamoja na watu asiowajua, akatoka. Ameitembelea historia asubuhi kwa tiketi, na adhuhuri akaingia ndani yake bila ya kutambua.

VITABU VIWILI

Daftari halikutaja kitabu hata kimoja cha mwanazuoni wa Kiislamu. Nimemwandikia vitabu viwili.

Cha kwanza ni tarekh ya Wamazrui aliyoiandika kwa Kiarabu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi kufariki kwake. Kilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Mwandishi ni wa ukoo huohuo anaouandikia, basi msomaji amsome akijua hilo. Lakini ni mtu wa pwani aliyeandika habari za mji wake kwa lugha tunayowafundisha wanafunzi wetu. Inakuwaje kijana anamaliza Alfiya ya Ibn Malik lakini hajawahi kufungua kitabu hiki?

Cha pili ni Tuhfatul Mujahidin. Hapa kijana alishangaa, kwani mwandishi wake ni Sheikh Zainuddin al-Malibari, yuleyule aliyeandika Fat-hul Muin! Alikuwa mtu wa pwani ya Malabar, kusini mwa India, naye aliwaona Wareno hao hao kabla jiwe la kwanza la Ngome halijawekwa. Habari zake zinafika mwaka 1583. Kitabu hicho ni cha kuhimiza kupambana na dhulma yao, na ndani yake ameeleza mateso ya Waislamu bila ya kuficha. Lakini hakuwaficha Waislamu wenzake pia: ameeleza kuwa walighafilika na neema, wakafarikiana, na kuwa balaa iliwajia wakiwa katika hali hiyo. Na wafalme wa Malabar wasiokuwa Waislamu, waliowatendea Waislamu wema, amewataja kwa wema wao. Huo ndio uadilifu unaotakiwa na Suratul Maida aya ya 8, kwamba chuki juu ya watu isitupeleke katika kutofanya haki. Miaka mingi nimesomesha fiqhi ya mtu huyu pasina kusomesha namna alivyoandika historia.

NASAHA

Kwa wanaopeleka vijana Ngomeni, Kilwa Kisiwani, Gedi au Ngome Kongwe ya Unguja, nashauri haya. Watie nia kabla ya kutoka, na wajue wanakwenda kutafuta nini. Wasome japo kurasa chache nyumbani, ili wasiwe wageni wa kila jiwe. Kila wanachoambiwa wakiulizie kama tunavyoiulizia hadithi: nani kasema, kapokea kwa nani, na ana maslahi gani katika kusema? Na wauangalie msikiti ulio jirani kabla ya kuangalia mizinga.

Nilipomrudishia daftari lake kijana aliniuliza: "Sheikh, basi kuhusu Yusuf bin Hasan niandike nini?" Nikamwambia: "Mwanangu, andika alichotendewa, andika alichotenda, andika ni nani waliotupokeza. Kisha andika kuwa mwalimu wako alimsifu akarejea." Akainamisha kichwa, akasema hilo la mwisho hawezi kuliandika, ni kumvunjia mwalimu heshima. Nikamjibu kuwa asipoliandika yeye nitaliandika mimi. Na nimeliandika.

Amesema atakwenda tena Mombasa inshaallah, safari hii na wenzake wawili, na kitabu cha Sheikh al-Amin mkobani. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki iwe haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili iwe batili na aturuzuku kuiepuka.

Wabillahi tawfiq.